Bibi Harusi Mwenye Besi

SEHEMU YA TISA

Kinywa chake bado kiko wazi, msomaji. Wiki nzima tumemwacha Pelagia jukwaani kinywa wazi, na Mungu atusamehe, maana nzi wa Kasulu hawana simile.

Basi tusimcheleweshe. Kamba ilivutwa mara moja. Pelagia akafungua kinywa kusema maneno ya kwanza ya bibi harusi, na kutoka nyuma ya pazia ikaja sauti.

Sauti ya mwanamume.

Wala si mwanamume hivi hivi. Besi. Sauti ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya mto.

"BABA, MBONA UMENIITA?"

Ukumbi ulipasuka. Watu mia nne walicheka kwa mkupuo. Mama mmoja wa mstari wa mbele alimrukia jirani yake shingoni. Mzee mmoja aliangusha kofia, akaikanyaga, akaendelea kucheka juu yake.

Wewe na mimi tumesikia. Pelagia hakusikia. Binti huyu wa Kibondo, Pelagia Ininahazwe, mwenye miaka ishirini na minne, ni kiziwi tangu homa ya uti wa mgongo ilipompitia akiwa na miaka mitatu. Aliona tu vinywa mia nne vimefunguka mpaka magego, akajiuliza: nguo imefunguka?

Akajishika kiunoni. Kitenge kipo. Akajipapasa kichwani. Kilemba kipo.

Kamba ikavutwa mara mbili. Akafunga kinywa.

Kwa wewe uliyetukuta njiani, kamba hiyo ndiyo siri ya kikundi kizima. Ni katani nyembamba, imefungwa kwenye kidole gumba cha mguu wake wa kulia, inapita chini ya kitenge, inatambaa sakafuni hadi nyuma ya pazia. Mvuto mmoja, fungua kinywa. Mivuto miwili, funga. Huko nyuma hukaa rafiki yake Nadège, binti wa Kikongo kutoka kambi ya Nyarugusu, mwenye sauti laini kama asali. Pelagia huigiza, Nadège humsemea. Watu wa Kibondo wanajua, na wanapenda hivyo hivyo. Watu wa Kasulu hawajui, na hawakutakiwa kujua.

Kwa nini? Kwa sababu ya Kanuni ya Nne ya mashindano: *Kila mwigizaji atatumia sauti yake mwenyewe.* Atakayeivunja anatolewa, yeye na kikundi chake.

Na mwigizaji mmoja tu, mmoja peke yake, ndiye atakayechaguliwa siku hiyo kupanda lori la Msafara wa Jukwaa, kuzunguka mikoa yote ya nchi mwaka mzima akiigiza. Lori lenyewe lilikuwa limeegeshwa nje, limepakwa rangi ya njano. Pelagia aliiomba nafasi hiyo kwa magoti mpaka magoti yakaota sugu. Alitaka asimame mbele ya watu ambao hawajawahi kumwita "yule bubu wa sokoni".

Sasa watu hao wapo mbele yake, nao wanalia kwa kicheko, na yeye hajui wanacheka nini.

Mzee Nkunzimana, fundi cherehani aliyeigiza kama baba wa bibi harusi, alitakiwa kukunja uso. Uso ulikataa kukunjika. Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kwenye ndevu za pamba.

"Nimekuita, mwanangu," alisema, akajiuma mdomo. "Nimekuita... Mungu wangu... nimekuita uolewe."

Mvuto mmoja.

"NA NANI?"

Nkunzimana akageuka akatazama ukuta. Mabega yakamruka kama ya mtu apandaye baiskeli kwenye mawe.

Kiziwi ana macho ya akiba. Pelagia aliukagua ukumbi uso kwa uso, akitafuta sababu. Macho yake yakakwama kwenye meza ya waamuzi, chini kidogo ya jukwaa. Hapo alikaa mwamuzi mkuu, Mzee Bazilio, mwalimu mstaafu, mtu aliyeiandika ile Kanuni ya Nne kwa mkono wake. Mji mzima unaujua msemo wake: "Mwigizaji ni sauti. Mengine ni nguo."

Mzee Bazilio hakuwa anacheka.

Akamtazama mwamuzi wa kushoto kwake. Akayaona meno. Ndipo akacheka. Na wengine waliponyamaza, yeye akaendelea kidogo, akashtuka, akaacha.

Pelagia alikijua kicheko kile! Kilikuwa cha kwake. Maisha yake yote, harusini, kanisani, hata asubuhi ile ile alipoketi kutazama vikundi vya Kasulu, amecheka hivyo hivyo: tazama jirani kwanza, cheka baadaye, acha mwishoni.

Aliliweka jambo hilo pembeni ya kichwa. Onyesho la kwanza lilikuwa limekwisha.

* * *

Alilipita pazia kama upepo. Pazia lenyewe ni mashuka mawili ya maua ya waridi yaliyoshonwa pamoja. Nyuma yake akamkuta Nadège ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, shingo imefungwa kitambaa, analia bila kelele. Kando yake alisimama Marselino, mpiga ngoma wao, mwanamume wa kilo tisini, daftari la mchezo mkononi, kitenge kichwani.

"Hicho kitenge cha nini?" Pelagia aliuliza kwa mikono.

Marselino alisema taratibu ili asomwe midomo. "Nilitaka nijisikie mwanamke."

"Nadège! Sauti yako iko wapi?"

Nadège hujitolea kuwasaidia walemavu kule kambini, na mikono yake inajua lugha ya alama vizuri. "Imeisha, dada. Nilifunga siku tatu pale kanisani kambini. Nilimwomba Mungu akupe ushindi. Niliomba kwa nguvu. Siku ya kwanza nikapaza. Siku ya pili nikapaza zaidi. Siku ya tatu nikafungua kinywa, hakuna kitu."

"Uliomba mpaka sauti ikakauka?"

"Ndiyo."

"Na Mungu akajibu nini?"

Nadège alifuta machozi, akanyoosha kidole kwa Marselino.

Pelagia alimtazama Marselino. Kilo tisini. Masharubu. Kitenge cha ndege wa kijani. Ndipo akaelewa vinywa mia nne vilicheka nini.

Akaanguka chini. Alicheka akijipigapiga mapaja, akicheka kwa wakati wake mwenyewe, bila kumtazama jirani yeyote. Nadège naye akashindwa, akacheka kwa pumzi tupu kama tairi linalovuja.

"Hukuweza hata kupunguza?" Pelagia alimuuliza Marselino.

"Nilipunguza!" Marselino aliapa, mkono kifuani. "Haki ya Mungu, hiyo ndiyo iliyopunguzwa!"

"Basi usipunguze tena," Pelagia akasema. "Ongeza."

* * *

Onyesho la pili, msomaji, bibi harusi hakuingia jukwaani kwa haya. Aliingia kama dereva wa malori ya Manyovu. Alitanua mabega. Alipandisha kitenge kama suruali inayoshuka. Alizunguka jukwaa, akapiga teke tairi lisilokuwepo, akainama kulikagua, akatikisa kichwa. Kisha akaketi kwenye mkeka, miguu mbali mbali, akamtazama baba yake kama mtu anayengoja vipuri.

Mvuto mmoja.

"HUYO BWANA HARUSI ANAKULA SANA?"

Watu walishikana. Mtu fulani alipiga kelele, "Jamani nafa! Nafa mimi!" Mlangoni walikuwa wamejaa wauza ndizi walioacha mikungu barabarani.

"Anakula kiasi," alijibu Nkunzimana, akijifinya paja.

"NA AKIPIGWA ANALIA?"

Kila neno lilikuwa kwenye daftari, liliandikwa lisemwe kwa upole na binti mwenye haya. Kwa besi ya Marselino na mabega ya Pelagia liligeuka jambo jingine kabisa. Pelagia aliona furaha ikipanda na kushuka kwenye nyuso zile, akajua sasa anaishika mwenyewe. Alikunja nyusi, ukumbi ukanyamaza. Akaziinua, ukumbi ukamwagika. Ee Bwana, utamu ulioje!

Lakini palikuwa na uso mmoja usiocheka.

Firdausi.

Huyo ndiye nyota wa Kasulu. Kikundi chake kilikuwa kimeigiza asubuhi, na kwa sauti peke yake Mzee Bazilio alikuwa amempa alama tisini na mbili kwa mia. Alisimama ubavuni mwa jukwaa, bangili hadi kiwiko, macho yake chini. Hakuwa akimtazama Pelagia usoni. Alikuwa akikitazama kidole gumba.

Akaiona kamba.

Akanyoosha mguu, akawa anaikanyaga na kuiachia kwa kisigino.

Pelagia alihisi mvuto. Akafungua kinywa. Sauti haikuja. Mivuto miwili, akafunga. Mmoja, akafungua. Miwili! Mmoja! Miwili! Kinywa kikawa kinafunguka na kufungika kama cha mgebuka aliyetolewa ziwani sasa hivi. Nyuma ya pazia Marselino aliona kamba inamchezea mkononi, akadhani Pelagia anamharakisha, akaanza kusoma daftari mbio kama mnadani.

"SITAKI! NANI? JUMAPILI? HAPANA! NIMESEMA HAPANA! BABA ANAINGIA, ANAKAA!"

"Hayo ya mwisho ni maelekezo!" Nkunzimana alifoka kwa mnong'ono. Ukumbi mzima ulimsikia.

Firdausi aliiokota kamba. Akaivuta mkono kwa mkono, kama mtu achotaye kisima, akaifuata hadi kwenye pazia, akashika shuka kwa mikono miwili.

Kraa!

Mawaridi yote yakaanguka. Na pale, mbele ya watu mia nne, alisimama Marselino, masharubu, kitenge kichwani, kidole kwenye mstari, akimalizia: "SIKUBALI, BABA!"

Hata nzi wale wa mwanzo walinyamaza.

"Waheshimiwa waamuzi!" Firdausi aliruka chini, akaitupa ncha ya kamba juu ya meza. "Ushahidi huu hapa! Huyu binti ni kiziwi. Hasikii wala hasemi. Anasemewa na dume. Kanuni ya Nne!"

Mzee Bazilio aliisoma midomo yake, au labda aliisoma ile kamba. Aliiokota, akaizungusha kwenye kidole akiwaza. Kisha akachukua kalamu nyekundu.

"Mwalimu, tusikilize kwanza!" Marselino alilia. "Tumetoka Kibondo na maombi ya siku tatu!"

Mzee hakumtazama. Aliinuka taratibu. Alifungua kinywa kulisema neno lile ambalo Pelagia hakuhitaji kulisikia.

Pelagia alifanya nini? Hakulia. Alipiga magoti ukingoni mwa jukwaa, akakunja viganja kidogo, akaanza kuvigonganisha. Taratibu. Pa, pa, pa. Akainamisha kichwa.

Alikuwa anamwamkia.

Yeyote aliyelelewa nchi hii ya Waha anaijua salamu hiyo ya viganja. Pelagia alifundishwa na bibi yake mzaa mama kabla hajajua herufi hata moja, na ndiyo lugha pekee aliyowahi kuzungumza na kijiji kizima sawa kwa sawa. Mkubwa akiamkiwa hivyo haachi kuitikia. Na akianza kuitikia haikati katikati. Mpaka muulizane habari za nyumbani, za shamba, za watoto na za mifugo.

Mama yule wa mstari wa mbele ndiye aliyeanza. "Mwakeye!" aliitikia kwa Kiha, na viganja vyake vikaitikia vyenyewe. Kisha mstari wote. Kisha wauza ndizi mlangoni.

Mzee Bazilio alikuwa bado ameinua kalamu. Mikono yake ikamsaliti. Kalamu ikaanguka, viganja vikakutana. Pa, pa, pa. "Mwakeye," midomo yake ikasema.

Lakini, msomaji, kumbuka kamba! Ilikuwa bado kidoleni mwake. Kila alipopiga kofi, kamba ilivutika, na ncha ya pili ilikuwa kwenye kidole gumba cha Pelagia. Mguu uliozoea ni mguu uliozoea. Mvuto mmoja, kinywa kikafunguka. Miwili, kikafungika. Mwamuzi mkuu anaamkia, na bibi harusi anapiga miayo!

Ndipo watu wote walipoielewa ile siri, hatua kwa hatua, kwa macho yao. Wakacheka upya, na safari hii hawakumcheka. Walicheka naye.

Alipotosheka, Pelagia alipumzisha viganja. Akasimama. Mchezo ulikuwa umebakiza neno moja, jibu la bibi harusi kwa baba yake. Akalisema kwa mikono yake mwenyewe. Viganja viwili vilikusanya kitu kizito kifuani, vikakisukuma mbali, polepole, mpaka mikono ikanyooka. Kidevu kikapanda.

"Kakataa!" mtu akapaza sauti nyuma. "Mtoto kakataa!"

Hakuna aliyehitaji mkalimani.

* * *

Mngedhani Firdausi amenyamaza? Hakunyamaza. Alikuwa amesimama nyuma ya Mzee Bazilio.

"Mzee, nakuuliza," alisema. "Wewe una masikio. Ulisikia tangu mwanzo kwamba ile ni sauti ya dume. Mbona ulikaa kimya?"

Mzee Bazilio aliendelea kutabasamu kuelekea jukwaani.

"Mzee Bazilio! Ulisikia au hukusikia?"

Tabasamu lile lile. Watu walianza kutazamana.

Kutoka juu, Pelagia aliona yote: midomo ya Firdausi nyuma, tabasamu la mzee mbele, na mia nne wakingoja katikati. Alijua. Yeye peke yake ukumbini alijua. Angeweza kumwacha pale aaibike, mtu yule aliyeandika kwamba asiye na sauti si mwigizaji. Angestahili. *Bwana,* akaomba moyoni, *nimwache?*

Akakumbuka mara ngapi yeye mwenyewe ameulizwa kwa nyuma, akatabasamu kwa mbele.

Akarudisha mguu wa kulia nyuma kidogo. Mvuto mmoja.

Mzee alitazama kidole chake. Akamtazama Pelagia. Pelagia akamwonyesha kwa kidevu: nyuma yako, unaulizwa.

Mzee Bazilio aligeuka, akaona ukumbi mzima umemkodolea macho. Rangi ikamtoka, ikarudi. Akaishika ile kamba kama mtu ashikaye mkono wa rafiki, na akafungua kinywa.

"Binti, sijui umeniuliza nini," alisema. "Sijasikia. Sijasikia kitu tangu mwaka juzi."

Nadège, kwenye ndoo yake, alikuwa akimfasiria Pelagia kila neno, mikono ikiruka.

"Mwaka juzi?" Firdausi alishangaa mbele yake. "Hata ile sauti ya dume hukuisikia?"

"Kulikuwa na sauti ya dume?" Mzee alimgeukia mwamuzi mwenzake, macho yametoka. "Kweli?"

"Besi, Mwalimu," mwenzake alimwambia kwa kinywa kipana. "Besi nzito."

"Ee Mungu! Na mimi nimeikosa!"

Nani angejizuia? Nkunzimana alikaa chini na ndevu zake mkononi. Ndipo mama wa mstari wa mbele akasimama, mikono kiunoni.

"Mwalimu, na zile tisini na mbili za Firdausi? Alama za sauti! Ulizisikia kwa pua?"

Firdausi alifunika uso. Mzee Bazilio, aliporudiwa swali mara mbili ili asome midomo, alikiri kwamba alizipima kwa namna mishipa ya shingo ya binti ilivyosimama.

Kisha akaokota kalamu nyekundu. Akaifuta Kanuni ya Nne, mistari miwili, bila rula.

"Kosa ni langu, na nalirekebisha leo," alisema. "Pelagia na Firdausi watarudi jukwaani sasa hivi. Mchezo mmoja, bila sauti, mikono na mwili tu. Waamuzi ni ninyi wote. Mtakayemchagua ndiye atakayepanda lori."

Marselino alivua kitenge akakirusha juu. Nadège alipiga magoti kando ya ndoo, akamshukuru Mungu bila sauti hata kidogo, na ninaamini alisikiwa vizuri kuliko zile siku tatu.

Pelagia alijifungua kamba kidoleni. Bila sauti! Wamempeleka samaki mtoni washindane naye kuogelea! Alijinyoosha vidole, akamgeukia Firdausi, akitarajia machozi. Akamwonea hata huruma.

Firdausi hakuwa analia.

Alipanda jukwaani polepole, akaugeuzia ukumbi mgongo ili amwone Pelagia peke yake. Akavua bangili, moja baada ya nyingine, akaziweka sakafuni. Kisha akainua mikono.

Na mikono ile ikasema kwa lugha ya alama, safi, bila kigugumizi:

"Nilikujua tangu asubuhi, ulipocheka kwa kuchelewa. Mama yangu hucheka hivyo. Alinifundisha mikono kabla sijajua kinywa. Haya, mwenzangu. Anza wewe."